Kumfuata Joshua Henry mpaka New York

ALHAMISI

Nimetoka shifti ya usiku begi likiwa mgongoni, sijalala na wala sina mpango wa kulala, maana leo ndo leo. Treni ya Lowell kwenda Boston imejaa watu wa maofisini wamejifunika makoti mpaka masikioni, baridi ya Desemba haina adabu, mimi nimekaa dirishani na chai yangu ya chupa na kwenye simu nina tiketi ya Jumamosi usiku. Ragtime, igizo la nyimbo, ukumbi wa Vivian Beaumont, kiti cha pembeni kabisa kwasababu cha katikati bei yake ni kodi ya nyumba ya mtu. Naenda kumwona Joshua Henry. Wanaonijua wameshachoka kulisikia hilo jina, kazini wananiuliza kama ni shemeji yao.

Kwa wasiomjua nieleze kidogo. Huyu jamaa ni mwigizaji na mwimbaji wa jukwaani, kazaliwa Winnipeg kule Kanada, wazazi wake Wajamaika, akakulia Miami na chuo akasomea hapohapo chuo kikuu cha Miami. Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, kaingia 2008 na In the Heights, akiwa kwenye kundi la nyuma, wale wanaoimba na kucheza usiku kucha na jina lao linaandikwa kwa herufi ndogo. Tangu hapo kapanda ngazi moja moja bila kelele. Kabla ya hii Ragtime alishateuliwa tuzo ya Tony, ile kubwa ya Broadway, mara tatu, 2011, 2014 na 2018, na mara zote kaenda na suti nzuri akarudi na suti nzuri, basi. Mimi hilo linaniuma kuliko linavyomuuma yeye nadhani.

North Station nikashuka nikadandia Orange Line mpaka Downtown Crossing nikabadili Red Line mpaka South Station, nafika pale nahema, kumbe basi lenyewe bado. Dereva anasema tairi, abiria mmoja mama wa makamo anasema dereva kachelewa kuamka, sijui nimwamini nani, ila mama alikuwa na uhakika sana.

Njiani nikaweka hedifoni na albamu ya Carousel ya 2018, ile aliyoimba na Jessie Mueller. Mimi huyu mtu nimemjua kwa sikio kabla ya macho, kazi yangu ni kutunza wazee na usiku wakishalala unabaki wewe na korido, sasa usiku mmoja intaneti ikaniletea Soliloquy, nyimbo ya humo kwenye Carousel, nikasimama na ndoo mkononi mpaka imeisha. Hiyo nyimbo ni mtihani, mwanaume yuko peke yake jukwaani kama dakika saba hivi, hakuna wa kumsaidia, hakuna kibwagizo cha kupumzikia. Billy Bigelow ni mpiga debe wa bembea la kuzunguka kwenye maonyesho, mtu wa maneno mengi na mfukoni hana kitu, ndo katoka kuambiwa mkewe ana mimba. Anaanza kujitapa mtoto wake wa kiume atakuwa hivi atakuwa vile, halafu katikati linamjia wazo kwamba je akiwa wa kike? Waimbaji wengi nilowasikia wakifika hapo wanalainisha sauti kwa makusudi, unaona kabisa anakuonyesha sasa nalainika. Joshua haonyeshi. Anakatika tu. Ile sauti ya majigambo inamwishia mdomoni, anaanza upya kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea, na mpaka anafika kwenye noti kubwa ya mwisho wewe umeshaelewa huyu mtu ataiba kwa ajili ya huyo mtoto na hataishia pazuri.

Na Billy sio mtu mzuri jamani, anampiga mke. Sipendi wanaosema eti tumwonee huruma tu kwasababu anaimba vizuri. Nilichopenda kwa Joshua ni kwamba hakumwombea msamaha, kamwacha Billy na ubaya wake wote kisha akatuachia sisi mzigo. 2018 nilitamani kwenda kumwona pale ukumbi wa Imperial, hela ikawa haipo, Septemba wakafunga. Ndo maana safari hii nimesema hata kama ni kula maharage mwezi mzima.

Connecticut foleni, kuingia Bronx foleni, stendi ya Port Authority tumefika giza limeshaingia. Binamu yangu anakaa Bronx, kanipokea na wali wa nazi na maneno, "dada we umetoka Lowell kuja kumwona mwanaume wa jukwaani, ungekuwa unaenda kuolewa ungewahi hivi?" Nikala nikalala.

IJUMAA

Binamu kaenda kazini kaniachia funguo. Nikashika treni namba 2 mpaka Times Square, dola 2.90 nauli ya 2025, nikatoka pale juu nikakuta kama kawaida watu wamekalia zile ngazi nyekundu wanajipiga picha na baridi lote lile. Mimi shida yangu ilikuwa Mtaa wa 45 upande wa magharibi. Ukitaka kujua maisha ya kazi ya Joshua Henry huhitaji kitabu, tembea huo mtaa tu, kumbi tatu ziko upande mmoja wa barabara na mwendo wake hata chai haipoi.

Ya kwanza Lyceum, ukumbi wa 1903, mwembamba, nguzo nzito mbele kama benki ya zamani. Hapa 2010 kacheza The Scottsboro Boys, moja ya kazi za mwisho za watunzi Kander na Ebb pamoja. Stori ya kweli hiyo, vijana tisa weusi Alabama mwaka 1931 wanashushwa kwenye treni ya mizigo wanasingiziwa kubaka, kesi inaenda miaka na miaka. Joshua alikuwa Haywood Patterson, yule ambaye angeweza kupunguziwa adhabu yake kama angekubali tu kusema uongo kwamba kafanya, akakataa. Shoo yenyewe waliitengeneza kwa mtindo wa yale maigizo ya zamani ya kuwadhihaki weusi, wakaugeuza mtindo uwaume walioubuni, watu wengine hawakuelewa au walielewa hawakupenda, wakaandamana hapo nje. Ikadumu maonyesho 49 ikafungwa Desemba. Halafu ikateuliwa Tony kumi na mbili, haikupata hata moja. Kumi na mbili! Patterson mwenyewe kafariki gerezani 1952, Alabama ikamsamehe 2013, miaka sitini na moja baada ya kuzikwa. Nilisimama pale nje nikitazama bango la shoo nyingine kabisa, watu wanapita na kahawa zao, nikawaza kwamba mtu akianza kuongoza kwa jukumu kama hilo, mtu anayekataa neno moja tu la uongo, basi kila kitu alichofanya baadaye kimetokea pale.

Unavuka Times Square, unaendelea, unakuta Music Box na Imperial zimepakana ukuta kwa ukuta. Music Box 2016 kulikuwa na Shuffle Along, shoo kuhusu shoo, namna Waamerika weusi walivyoitengeneza Shuffle Along ya kwanza mwaka 1921. Joshua kawa Noble Sissle. Sasa sikiliza nani alikuwa naye jukwaani: Audra McDonald na Brian Stokes Mitchell. Kama hujui, hao wawili ndo Sarah na Coalhouse, wale wapenzi wa kwenye stori, wa Ragtime ya kwanza Broadway, ile ya Januari 1998. Yaani huyu kijana kila usiku alikuwa anasimama bega kwa bega na mwenye jukumu, miaka tisa baadaye jukumu limemjia yeye. Sijui waliongea nini chumba cha kubadilishia nguo na sitajifanya najua, ila ningetoa shifti mbili za Krismasi kuwa inzi ukutani.

Imperial mlango wa pili, hapo ndo Carousel yangu niliyoikosa. Nikagusa ukuta. Mlinzi kaniangalia nikamsalimia nikaondoka.

Mtaa wa 46 uko Richard Rodgers, foleni ya shoo ya Hamilton mpaka kona. Hapo kaingia 2008 hana jina, karudi 2012 kwenye Porgy and Bess akiwa Jake mvuvi. Inachekesha kidogo kwamba Hamilton yenyewe hakuicheza hapa, jukumu la Aaron Burr kalicheza Chicago na kwenye ziara, kwahiyo watu wa New York wengi wao ndo walioikosa, safi sana, sio kila kitu wale wao. Mtaa wa 47 ukumbi wa Ethel Barrymore, hapo 2021 alikuwa daktari kwenye Waitress. Sikukaa sana, ile shoo naipenda ila lile jukumu kwake lilikuwa nguo fupi.

Nikarudi chini mpaka St. James Mtaa wa 44 ambako kulikuwa na Into the Woods 2022, yeye na Gavin Creel wakiwa wale wana wa mfalme wawili wanaolialia mapenzi. Hapa wengi wanasahau kwamba huyu mtu anachekesha. Unamwona yule baba mwenye kifua kipana na sauti ya kutikisa madirisha, analalamika kama mtoto kanyimwa pipi, na anacheka na wewe bila kukukonyeza. Gavin Creel katutoka Septemba 2024, ana miaka 48 tu. Ile nyimbo yao ya pamoja siku hizi naisikiliza nikicheka halafu kifua kinabana. Na aliyeiongoza Into the Woods ile ni Lear deBessonet, huyohuyo aliyeiongoza Ragtime ya sasa, kwanza ukumbi wa City Center 2024 kwa majuma mawili hivi, halafu ikahamia Beaumont 2025. Kwahiyo wanajuana hawa, hawakukutana kwa bahati.

Jioni binamu kaniuliza nimeona nini siku nzima, nikamwambia milango. Akasema "na hela ya nauli umetoa".

JUMAMOSI

Asubuhi New Rochelle. Hii ilikuwa ya kujipasha moto kabla ya usiku, maana nusu ya stori ya Ragtime inatokea kule. Nikashuka Mtaa wa 125 Harlem nikatembea mpaka Park Avenue nikapanda treni za Metro-North, kama nusu saa uko kitongojini, nyumba kubwa, bustani, kimya. Kitabu chenyewe cha E. L. Doctorow kilitoka 1975 na yeye alikuwa anakaa huko New Rochelle, Broadview Avenue, alikuwa amekwama hajui aandike nini akaanza kuandika kuhusu ukuta ulio mbele yake, ukuta ukampeleka kwenye nyumba, nyumba imejengwa 1906, 1906 ikampeleka kwenye familia tatu za kitabu chake. Nikapita huo mtaa taratibu kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake, picha sikupiga, watu wanaishi humo.

Kwa ufupi stori ni hii. Coalhouse Walker Junia mpiga piano wa Harlem, nadhifu, ana gari lake Ford Model T jipya kalinunua kwa jasho lake, kila Jumapili anaendesha mpaka New Rochelle kumbembeleza Sarah aliyemzalia mtoto. Wazimamoto wa kujitolea hawapendi kumwona mweusi na gari, wanamziba njia, wanaliharibu. Anachotaka Coalhouse ni kitu kidogo sana, gari lake litengenezwe lirudishwe kama lilivyokuwa. Polisi hapana, mwanasheria hapana, mahakama hapana. Hii Doctorow kaichukua kwa Mjerumani Kleist, hadithi yake ya 1810 kuhusu Michael Kohlhaas mfanyabiashara wa farasi walioharibiwa na bwana mkubwa, naye akadai haki mpaka nchi ikawaka moto. Hata jina linafanana ukilisema harakaharaka.

Nimekaa stesheni kusubiri treni ya kurudi nikapiga hesabu, kutoka Harlem mpaka hapa kwa gari la wakati ule na barabara za wakati ule, kila Jumapili, na mwanamke mwenyewe hashuki hata ngazi kukusalimia. Huyo ni mtu wa subira. Shikeni hapo.

Sasa Lincoln Center. Treni 2 mpaka Mtaa wa 96, unavuka jukwaa unadaka namba 1 mpaka 66. Nilifika mapema makusudi. Beaumont ni ukumbi wa Broadway lakini uko mbali na wenzake wote, nje kuna bwawa na sanamu kubwa la Henry Moore limelala kwenye maji. Lakini kabla hujaingia ujue upande wa Mtaa wa 65, kwenye ukuta wa David Geffen Hall, ziliwekwa 2022 picha kubwa za rangi kali za msanii Nina Chanel Abney, zinahusu San Juan Hill. Huo ulikuwa mtaa wa weusi na Wapuertoriko, hapahapa, ukabomolewa miaka ya hamsini mwishoni wakahamishwa maelfu ya familia ndo ikajengwa Lincoln Center. James P. Johnson yule baba wa piano ya Harlem kaja kukaa San Juan Hill na familia yake 1908 akiwa kijana, Thelonious Monk, mpiga piano wa jazz, kakulia hapa. Mnaona ilipo hiyo? Miaka ile Ragtime inayosimulia, Harlem ndo kwanza ilikuwa inaanza kuwa ya weusi. Coalhouse wa kweli, kama angekuwepo, uwezekano mkubwa piano yake ingekuwa inalia hapa, chini ya hivi viti tunavyokalia kwa dola mia na kitu. Kwenye Playbill, kile kijitabu cha shoo, sikuliona hilo, nimelisema mimi.

Kufungua Playbill moyo unadunda. Kuna kile kikaratasi kidogo cheupe ambacho shabiki yeyote anakiogopa, kinadondoka katikati ya kurasa kukwambia leo jukumu fulani linachezwa na mwigizaji wa akiba. Nikaitikisa. Hakikudondoka kitu. Nikaitikisa tena. Bibi aliyekaa pembeni yangu, mweupe nywele zote, akacheka akasema yupo, usijali, yupo.

Jukwaa la Beaumont linatokeza mbele watu wanalizunguka pande tatu, kwahiyo kiti changu cha pembeni hakikuwa kibaya hata kidogo, nilikuwa namwona ubavuni, na nawaambia ubavu ndo ulioniambia ukweli. Okestra watu 28, siku hizi kusikia 28 Broadway ni kama kuona mvua jangwani. Wanapoanza ile nyimbo ya ufunguzi kundi zima linatembea kuja mbele, hapo tu nimeshatafuta leso.

Joshua anaingia kama Coalhouse na furaha. Hiki sikukitegemea. Kwenye klipu za intaneti wanaweka zile nyimbo za machungu tu, lakini saa ya kwanza huyu mtu ana furaha, anatembea kama viatu vimetengenezwa leo, anacheka na wenzake, ana madaha ya mtu anayejua anapendwa na mtaa mzima. Halafu zinakuja zile Jumapili za kumbembeleza Sarah na pale nikaanza kumwangalia mabega. Mabega yake hayapandi anapovuta pumzi. Waimbaji wengi wakikaribia noti kubwa unaona mwili unajiandaa, kidevu, shingo, mabega, unajua sasa inakuja. Yeye pumzi inashuka chini kwenye mbavu, ubavuni ndo unaona koti linajaa kidogo kwa pembeni, uso haujui lolote. Sauti ikitoka unashtuka maana hujaonywa. Akiwa na Sarah, ambaye ni Nichelle Lewis, kwenye Wheels of a Dream mtoto kabebwa, anaanza karibu kama anaongea, anamwambia mwanamke mmoja na mtoto mmoja tu, sisi tunasikilizia mlangoni. Inakwenda inapanda inakwenda, na pale juu kabisa alipoiachia yote ukumbi ukasimama. Katikati ya shoo! Kwetu Tanga kwenye taarabu hapo foleni ya kumtuza ingeshafika jukwaani na noti zimekunjwa vidoleni, na nilitamani sana, mkono ulishaingia kwenye pochi wenyewe.

Kuna kipande cha Lawrence, Massachusetts, mgomo wa viwanda vya nguo wa 1912, Tateh, baba mhamiaji Myahudi (Brandon Uranowitz, mzuri sana huyu, anastahili andiko lake) anajaribu kumtoa binti yake kwa treni na polisi wanavamia. Lawrence ni jirani zetu kabisa, napita stendi ya pale nikienda kwa rafiki yangu. Nikaminya mkono wa kiti.

Sasa gari. Wanapolivunja lile gari Joshua hakupiga kelele. Nilikuwa nategemea kelele, stori inaruhusu, hasira ipo, watu wanamlipia kuona hasira. Alisimama mikono imeshuka pembeni, vidole vimenyooka, kama mtu anayejilazimisha asikunje ngumi kwasababu anajua akikunja tu wamepata walichokuwa wanakitafuta. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kusimamishwa barabarani nchi hii akiwa na ngozi yetu anazijua hizo mikono. Hapo ndo nikaelewa ninachompendea huyu jamaa miaka yote hii, ni kwamba ana sauti ya kuvunja ukuta na muda mwingi anaishikilia. Haywood kashikilia, Burr maisha yake yote kashikilia, Coalhouse kashikilia mpaka wanamuulia Sarah wake, kwenda tu kuomba msaada kwa mkubwa wa siasa wakampiga mpaka kafa. Nusu ya kwanza inaishia msibani. Taa zikawaka watu wamekaa.

Mapumziko bibi wa pembeni kaniambia ya 1998 aliiona, ule ukumbi wa Mtaa wa 42. Nikamuuliza basi nani, Stokes au huyu. Kafikiri. Kasema Stokes alikuwa mfalme tangu alipoingia, huyu ni mtu anayefanywa kuwa mfalme kwa lazima. Mimi Stokes namjua kwa albamu tu, sauti yake ya shaba, imenyooka, kila neno limepigwa pasi, na kwa ule utulivu wa mwanzo mwanzo huenda ningemchagua yeye. Joshua ana kanisa na R&B ndani yake, kuna mahali anaremba noti mbili tatu ambazo hazikuombwa, na mara moja usiku ule nilisema moyoni bwana iache tu inyooke. Lakini nusu ya pili ni yake. Coalhouse anachoma vituo vya wazimamoto, watu wanakufa, na Joshua anarudi kama mwingine, sauti imekauka, utamu kautoa wote. Nguvu ileile sasa haina furaha ndani yake. Inatisha kumwona mtu uliyempenda saa moja iliyopita.

Make Them Hear You inakuja karibu na mwisho, anawaaga vijana wake kabla ya kujisalimisha, na wewe unajua watampiga risasi. Ukiiona kwenye matamasha watu wanaiimba kama wimbo wa taifa. Yeye aliianza chini sana, anamtazama kijana mmoja, kisha mwingine, kama baba anayegawa vitu vyake kabla ya safari. Noti ya mwisho aliishika nikaacha kuhesabu, na mabega, wallahi, mabega yalikuwa palepale. Watu wakasimama tena. Bibi hakusimama, kashika leso kwa mikono miwili.

Mwaka ule 1998 Ragtime ilipata tuzo za maandishi na muziki, Audra akapata yake, lakini tuzo kubwa ya shoo bora ikaenda The Lion King, ile yenye kina Simba na Rafiki. Sisi Waswahili hapo tunakuwa na kesi ngumu, kwahiyo naipita.

Mlangoni kumsubiri sikwenda. Baridi, na treni, na pia sijui ningemwambia nini.

JUMAPILI

Nimelala mpaka saa nne, binamu kapika supu, tukaenda wote Morgan Library, kona ya Madison na Mtaa wa 36. Coalhouse ndo anajifungia humu na vijana wake na baruti, wanamleta Booker T. Washington, kiongozi mkubwa wa weusi wakati ule, kuja kumshawishi atoke. Jengo ni la kweli, kalijenga tajiri wa benki J. P. Morgan kati ya 1902 na 1906 kuwekea vitabu vyake. Chumba cha mashariki kina vitabu mpaka darini, ngazi tatu za rafu za mbao, dari la picha, Biblia za Gutenberg wanazo tatu. Tatu! Binamu akauliza sasa mtu anasomaje tatu.

Lakini kilichonikalisha chini ni habari za mkutubi wa Morgan, Belle da Costa Greene. Huyu mama kaanza kazi kwa Morgan miaka hiyohiyo, akawa ndo anamnunulia vitabu Ulaya, wauzaji wote wanamwogopa, na 1924 akawa mkurugenzi wa kwanza wa hapa. Alikuwa mweusi. Baba yake Richard Greener ndo mweusi wa kwanza kuhitimu Harvard College, 1870. Belle kaishi maisha yake yote ya kazi akijulikana kama mzungu, kwasababu kwa ngozi ya baba yake huo mlango usingefunguka. Kwahiyo wakati kwenye hadithi Coalhouse kazunguka hiki chumba na bunduki anadai atambuliwe kuwa mtu, kwenye maisha ya kweli mweusi alishakuwa ndani, ana funguo, na kanyamaza. Nilikaa kwenye benchi nikawaza hivi Joshua kaja hapa? Sidhani mtu anaweza kucheza yale asije. Nikamwambia binamu, akasema yule bibi Belle ndo angetengenezewa shoo, na ukweli nikakosa cha kumjibu, maana Sarah naye kwenye Ragtime kapewa nyimbo moja nzuri na kifo, waandishi walimnyima.

Basi la kurudi saa tisa alasiri, safari hii limewahi. Foleni ya Connecticut nimeshaizoea, nimeweka albamu ya Violet ya 2014, ile nyimbo yake ya Let It Sing pale anapokuwa askari mchanga anamhimiza msichana ajiamini, na hapo sauti haijui bado inachokuja kubeba, tamu tu, imefunguka. Kesho saa moja usiku niko kazini. Binamu kashanitumia ujumbe, anauliza tiketi za mwezi wa pili zinaanzia shilingi ngapi na kama kile kiti cha pembeni kinapatikana viwili, nimemjibu vinapatikana ila awamu hii analipa yeye, na wali wa nazi haupunguzi deni.